Bi Zuleikha Alipotuimbia Uani

Shela, Malindi
Jumapili, nimetoka kanisani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Nakuamkia nikiwa nimeketi barazani kwa kina Wafa, na kabla sijasema lolote nataka kujua hali yako. Mgongo je? Baba alituambia umesema umepoa, lakini wewe husema umepoa hata ukiwa huwezi kuinama kuokota sindano. Na joto la Jeddah limepungua, ama bado hamtoki nje mpaka jua lichwe? Sisi huku tu wazima. Baba amelima mpaka ule upande wa chini uliokuwa kichaka, na jioni huja na miiba nyayoni akitaka tumtoe, kisha hupiga kelele kuliko Nzai. Hawe ni mzima ila macho. Siku hizi bibi yetu huyu anawajua watu kwa kikohozi chao, na akikukosea hukukasirikia wewe uliyekohoa. Nzai amekuwa golikipa wa darasa lake na suruali zake zote zimetoboka magoti. Mimi pia ni mzima wa afya. Nimeyatanguliza haya kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa barua huandikwa, na pia kwa sababu naogopa kufika kule ninakokwenda.

Usishtuke kuona karatasi badala ya simu. Hakuna aliyekufa wala aliyelazwa. Ami Mohammed, ami yake rafiki yangu Wafa, anakwenda Umra wiki hii na atapitia hapo Jeddah. Nilipomuuliza kwa aibu kama anaweza kukubebea barua alicheka, akasema barua ni nyepesi kuliko halwa zote alizobebeshwa na wake wa nduguze. Sababu ya pili ni kwamba nina jambo la kukusimulia ambalo halina picha wala video, maana simu zetu zilichukuliwa mlangoni. Na sababu ya tatu unaijua. Ukipiga simu mimi hukuambia sijambo, shule nzuri, haya nampa Nzai. Kwa kalamu labda nitafika mbali zaidi.

Mama, nimemsikia Bi Zuleikha Harith akiimba. Si redioni. Nimemsikia kwa masikio yangu, nikiwa karibu naye kiasi cha kuona kwamba kidole kimoja cha mguu amekitia hina na vingine amevisahau.

Najua hapo umeketi vizuri. Ni wewe uliyenitia ugonjwa wa Bi Zuleikha. Nakukumbuka ukikuna nazi huku ukiimba naye, na kila ukifika pahali pa juu unaacha kukuna, unafumba macho, halafu ukirudi nazi imeshadondoka. Ile simu yako ya zamani uliyoniachia, yenye kioo kilichopasuka, bado ina nyimbo zake zote ulizozirekodi kwa kuiweka simu kando ya redio. Ule wa “Mlangoni” ndio niupendao kupita zote. Katikati anasikika jogoo wa Hawe akiwika, na baada ya ubeti wa mwanzo mtangazaji anaingia na taarifa ya habari na wimbo unakatika. Siku zote nilidhani wimbo unaishia pale.

Sasa ilikuwa hivi. Binamu yake Wafa, jina lake Safaa, anaolewa, na jana Jumamosi ilikuwa siku yake ya hina. Nana yake Wafa na Bi Zuleikha wamekua pamoja hapa Shela, walilala kitanda kimoja utotoni na waligombana kila siku nani alale ukutani. Bi Zuleikha haimbi tena mbele ya umati. Mguu haumpi nafasi, na hoteli zikimwita hujibu kwamba hawezi kuwaimbia watu wanaotafuna. Lakini nana alimtumia ujumbe kwamba mjukuu wake anatiwa hina, na yeye akajibu atakuja, bila vipaza sauti, bila wanaume, bila simu, baada ya Alasiri mpaka Magharibi basi. Wafa aliniambia habari hizi tukiwa maabara na nikamwaga tindikali juu ya meza. Mwalimu alinitoa nje. Nilisimama huko nje nikicheka peke yangu kama mwehu.

Na bado nilikaribia kutokwenda. Unanijua Mama, mimi ni yule anayezunguka nyuma ya kanisa ili asisalimiane na watu mlangoni. Nilimwambia Wafa nyumba yenyewe ni ya watu wao, mimi ni Mgiriama wa Kakuyuni, nitavaa nini, nitaketi wapi, nikisemeshwa nitajibu nini. Wafa akanitazama akasema, “Wallahi Kadii, utakufa na haya zako na tutakuzika nazo.” Kisha akanitupia dera lake la maua ya manjano na mambo yakaishia hapo.

Mlangoni aliketi nana mwenyewe na kikapu mapajani. Kila aingiaye aliitia simu yake humo, hata mamake bwana harusi, aliyejitia kusahau akakumbushwa mbele ya watu. Tukavua viatu, wenzangu wakavua mabuibui, na ghafla ule ua wa nyumba ukawa bustani. Hatukufika hata idadi ya darasa langu. Wazee walikuwa na viti mbele, sisi wengine mikekani. Palinukia udi na kahawa, na Safaa ameketishwa juu ya godoro la mito, mikono na miguu imejaa hina mbichi, ameambiwa asicheke, asilie, asiguse kitu.

Mimi nilijitafutia pahali ukutani nyuma kabisa. Hapo palikuwa na mama mmoja peke yake, amevaa dera la kawaida bila dhahabu, akanisogelea upande nipate kuketi. Aliniuliza jina, akaniuliza shule, akaniuliza kama chakula cha shule kinashibisha na nani hunisuka nywele. Aliuliza kama mtu aliyenyimwa kuuliza kwa muda mrefu. Alikuwa na vikuba viwili vya asmini, akanichomekea kimoja mkononi akisema msichana hakai mikono mitupu kwenye hina ya mwenziwe. Nilimpenda saa ile ile, na sikuona haya kwake. Jina lake ni Bi Shamsa.

Nikwambie sasa hivi jambo ambalo wakati ule sikulijua. Bi Shamsa ndiye mamake Safaa. Aliachwa na mumewe Safaa akiwa mdogo, akaenda zake Mombasa kutafuta maisha, na mtoto akabaki kulelewa na nana katika nyumba hii hii. Mama wa biharusi pahali pake ni mbele, kwenye kiti. Yeye alikuja kama mgeni mwalikwa na akaketi ukutani, na hakuna aliyemwambia sogea. Wote pale walilijua hilo. Asiyelijua nilikuwa mimi tu.

Bi Zuleikha aliingia ameshikwa mkono, anasema “polepole, mimi si gunia.” Ni mdogo Mama! Redioni nilimdhania mtu mkubwa. Ni kibibi chembamba cha miwani, kanzu ya kijani, meno ya mbele hana mawili na hajali. Walikuja naye kina mama wawili, mmoja wa kinanda na mmoja wa ngoma ya dumbaki. Alikunywa chai ya tangawizi, akasafisha koo, akamwambia nana kwamba chai yake bado ni mbaya kama walivyokuwa wasichana. Watu wakacheka. Kisha akaanza, bila kuonya, kicheko bado kiko hewani.

Kuna kitu redio haikupi Mama. Haikupi pumzi. Kati ya mstari na mstari anavuta pumzi ndogo kama mtu anayechungulia chumba kabla ya kuingia, na pumzi hiyo nayo ni wimbo. Sauti imezeeka, pahali pa juu hapafikii tena, lakini akikaribia hapo huinua kidevu tu na kunyamaza, na sisi sote tukapaimba kimoyomoyo kwa niaba yake. Nilijikuta nalia, na sikuinamisha uso. Sijui mara ya mwisho nilikaa lini katikati ya watu bila kuwaza kwamba wananitazama.

Wanawake walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kumtuza. Anaimba, mtu anainuka, anakwenda akiyumbayumba kwa mwendo wa ngoma mpaka mbele, anamchomeka ua kichwani ama anamwekea kanga begani, anarudi. Palikuwa na wimbo wa jirani mwenye masikio marefu, na mama mmoja mnene wa kiti cha mbele akainuka katika ubeti ule, akazunguka makusudi mbele ya mwenziwe, na ua mzima ukapiga kelele za furaha, na yule mwenziwe akafunika uso na leso akisema, “Limenifika, shoga, limenifika!” Mimi nilicheka na wenzangu. Nilidhani ni kumpongeza mwimbaji tu. Kwetu mtu akiimba vizuri kanisani unampigia makofi ukitaka. Sikujua kwamba kwa watu hawa ubeti unaouinukia unakuwa wako. Umeutwaa. Unasema, neno hili ni langu na aliye nalo humu ndani alipokee.

Ikafika saa Bi Zuleikha akauliza vijana wanataka upi. Wafa, Mungu amsamehe, akapaza sauti kwamba rafiki yake Kadii anautaka “Mlangoni”. Vichwa vyote viligeuka. Bi Zuleikha akamtazama nana, na nana akaitazama sinia ya kahawa. Mwisho akasema haya, atauimba, lakini wimbo huu una watu wawili ndani yake, wamwache aumalize. Maneno hayo niliyasikia na hayakuniambia kitu.

Akaimba. Nakuandikia ubeti wenyewe, ingawa unaujua:

Mlangoni ’liniacha, mkono ukapungia,
Ukasema siku chache, kisha utanirudia,
Nguo zimenipungua, nani alonipimia?
Mama ni jina la kazi, wewe hukulitumia.

Alipofika mstari wa mwisho miguu yangu iliinuka. Siwezi kukueleza vizuri zaidi. Nilijua wimbo umekwisha, nilijua nikikosa kumtuza sasa sitampata tena maishani, na nilikuwa na kikuba mkononi. Nikapita. Na ili nitoke pale ukutani ilinibidi nipite mbele ya Bi Shamsa, karibu hata dera langu likamgusa magoti, nikaenda mbele na asmini yake mwenyewe, nikamchomeka Bi Zuleikha sikioni.

Kinanda kikanyamaza. Hakuna aliyepiga kigelegele. Yule mama mnene akasema, si kwa kunong’ona, kwamba makubwa haya, siku hizi maneno yanatumwa kupitia watoto wa watu, nani kamleta huyu? Mwingine akamjibu aulizwe vizuri, huenda kaagizwa na upande wa mume. Nikageuka na kumwona Bi Shamsa amesimama, anavuta buibui lake kutoka msumarini na kuligeuzageuza bila kuupata mkono wake. Na Safaa, ambaye ameambiwa asilie, machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafutia. Wafa akanifikia, na kwa pumzi moja akanieleza yote, ya Bi Shamsa na ya kuinuka, na akamaliza kwa kusema, “Kadii, umemtoa mtu harusini kwa mwanawe.”

Nilitaka kukimbia. Mlango ulikuwa wazi. Ningekimbia, Mama, ningefika mpaka Kakuyuni kwa miguu na nisingerudi Shela tena, na Bi Shamsa angetoka nyuma yangu akiamini kwamba watu wamemtuma mtoto aje kumtukana. Lakini Bi Zuleikha alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Vidole vyake ni vikavu na vina nguvu. Akaniuliza kwa sauti ambayo wote waliisikia, “Mwanangu, neno hili umelitwaa. Ni la nani?”

Nilimwambia sikujua desturi. Akasema hakuniuliza kuhusu desturi, aliniuliza neno ni la nani.

Basi nikasema. Nilisema mbele ya wanawake wote wale, mimi ambaye nikitumwa dukani huomba Mungu nisikute watu. Nilisema neno si la mtu yeyote humu ndani. Nikasema ni la mamangu, yuko Jeddah. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na Kiswahili changu kikatoka na Kigiriama ndani yake, na hakuna aliyecheka. Yule mama mnene akasema, “Ala! Masikini,” akanisogezea glasi ya maji, tena akamgeukia jirani yake kama kwamba ni yeye aliyesema yale ya kwanza.

Bi Zuleikha aliniuliza jambo moja jingine, na hilo nikalijibu pia. Nitakuandikia nilivyojibu, lakini niache kwanza nimalize ya Bi Shamsa, kwa sababu bado natafuta ujasiri.

Akamwambia Bi Shamsa aliweke buibui chini. Akasema alitangaza tangu mwanzo kwamba wimbo una watu wawili, na mpaka sasa mmoja tu ndiye aliyesema, na mtu haondoki barazani kabla hajajibu. Mimi akaniketisha miguuni pake. Akaniuliza kama ubeti wa pili siujui. Nikasema niliyo nayo ni ya redioni na inakatizwa na taarifa ya habari, na hapo ua wote ukacheka, hata Bi Shamsa na buibui lake mkononi, maana kumbe wote wameukosa ubeti huo redioni miaka yote. Bi Zuleikha akasema ndiyo sababu anaichukia taarifa ya habari. Kisha akauimba. Baadaye nilimwomba anikaririe, akanikariria huku akila kaimati, na huu hapa (kwa watu hawa kuwata ni kuacha):

Mwanangu sikukuacha, ni njaa ilonivuta,
Kila mwana nionapo, kimo chako natafuta,
Nalea wasio wangu, wangu ndotoni namwita,
Jina langu ni la kazi, na kazi sikuiwata.

Mstari wa pili ulipopita Bi Shamsa alikuwa bado amesimama. Wa tatu ulipopita alikuwa anatembea. Hakuyumba kwa ngoma, alitembea tu kama mtu anayevuka barabara, na kikuba chake cha pili mkononi. Kwenda mbele ilimbidi apite kando ya godoro la Safaa. Na Safaa, na ile hina mbichi aliyokaa nayo tangu adhuhuri, akanyoosha mikono yote miwili akamshika leso mamake. Waliokuwa wakimpaka wakapiga ukelele. Hina yote ilivurugika. Kwenye leso ya Bi Shamsa vikabaki viganja viwili vyekundu, na yeye hakuiangalia, aliinama na kumfuta mwanawe machozi kwa ncha ya pili iliyokuwa safi.

Nana ndiye aliyeinuka mwenyewe kwenye kiti chake cha mbele na kumwambia Bi Shamsa aketi. Hakusema zaidi ya hilo. Hina ya Safaa ikaanzwa upya, na ikabidi Bi Zuleikha atuimbie mpaka ikauke, akilalamika kwamba alialikwa mpaka Magharibi tu, na kila akilalamika akaimba mwingine. Kwa hivyo kosa langu lilitupatia nyimbo ambazo hatungezipata, na wakati wa kuondoka Bi Shamsa alinikumbatia, akanitania kwamba mara nyingine nikitaka kumrushia mtu maneno nilete maua yangu mwenyewe.

Sasa Mama, lile swali la pili. Baada ya kusema neno ni lako, Bi Zuleikha aliniinamia, na safari hii alisema polepole, nafikiri ni mimi tu niliyemsikia. Aliniuliza, “Na wataka limfike?”

Nikasema ndiyo.

Hilo ndilo nililokuwa nikiogopa kuliandika. Sikumwambia hapana, nilipotea tu, nilipenda sauti. Nilisema ndiyo. Mama, nimekukasirikia. Nilidhani ni haya zinazonifunga mdomo simuni, na watu wote wanasema Kadii ana haya, na ni kweli ninazo, lakini kwako wewe si haya. Kwako ni hasira. Ulisema mkataba mmoja, ukaongeza mwingine, na mara ya pili hukuniambia mimi, ulimwambia Baba. Nilianza kuwa mwanamke na ni mke wa pasta aliyenieleza la kufanya. Magauni unayoniletea ni mazuri na hayanitoshi, hayajanitosha hata moja, ni ya yule mtoto uliyemwacha. Nakuambia asante, yamenikaa, kisha nampa binti yake Shangazi Dena. Na usiku nikiusikiliza ule ubeti kwenye simu yako nilikuwa nikiusikiliza kwa ajili yako, nikisubiri mstari wa mwisho kama mtu anayesubiri kumzaba mtu kofi.

Nimeliandika. Limekufika. Lakini sasa halikufiki peke yake, na ndiyo maana nashukuru, Mama, nashukuru mpaka sijui nimshukuru nani kwanza. Namshukuru Mungu. Namshukuru Wafa na mdomo wake mpana. Namshukuru Bi Zuleikha kwa kunishika mkono nisikimbie, na kwa kunionyesha kwamba nimekaa miaka mingi na nusu ya wimbo nikiamini ndiyo yote. Nilimwangalia Bi Shamsa akitembea, na nikakuona wewe. Nikaona unavyosimama jikoni kwa watu na mgongo wako unauma. Nikajiuliza kama wewe ulikuwa ukiujua ubeti wa pili, ukikuna nazi, kabla hata hujafikiria kuondoka. Uliujua? Ama sote wawili tulikuwa tunaimba nusu?

Hasira haijaisha yote, sitakudanganya. Lakini imekaa chini. Na kuna jambo moja zaidi la kukushukuru, ambalo sijapata kulisema kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kununa. Bila wewe na karo unayotuma ningekuwa nyumbani kama wasichana wengi wa rika langu, na nisingemjua Wafa wala tindikali wala mtu yeyote wa kuniazima dera. Asante Mama. Ninaandika polepole ili uone kwamba nimelimaanisha.

Nilipomuaga Bi Zuleikha alinipa ujumbe wako. Alisema ubeti wa pili mimi siwezi kuutuza, si wangu. Nikuambie kwamba neno lako liko kwake, amekuwekea, na ukirudi uje Shela ulitwae mwenyewe kabla yeye hajafa, maana hana nia ya kungojea sana.

Karatasi inakwisha na Ami Mohammed ameshaniuliza kama naandika barua au Biblia. Pokea salamu za Baba, anasema mihogo ya upande wa chini itakungoja. Hawe anakusalimu na anasema ukohoe simuni ili akujue. Nzai anakusalimu na anataka glavu za golikipa, nilimwambia sitaandika na nimeandika. Wafa anakusalimu ingawa hamjuani, na Bi Shamsa vilevile.

Na wewe, nisalimie wale watoto unaowalea. Baba aliwahi kusema ni wawili, wa kike na wa kiume. Majina yao siyajui, maana muda wote huu sikutaka kuyajua. Ijumaa ukipiga simu nitaipokea mimi, na nitakuuliza.

Wako akupendaye,
Kadii Mwaro